Nesi Niliyemchora Vibaya

Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikiandika riwaya. Naiandika kwenye madaftari makubwa ya kaunta. Mawili yamekwisha jaa, la tatu liko nusu. Katika sura ya tatu yumo nesi mmoja. Nilimpa kiuno chembamba, ulimi mkali na bigijii mdomoni. Anawatukana wajawazito, anawaacha wagonjwa wakilia, na kila daktari kijana anapopita varandani yeye huacha kila kitu akaanza kurekebisha kofia yake. Daktari naye nilimpa gari, Kiingereza cha puani na dharau ya kutosha watu kumi. Nilipoikamilisha sura hiyo nilijiona nimefika.

Basi kwa majivuno yale yale nikampelekea Shangazi daftari. Shangazi yangu amestaafu. Alifanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini. Nikamwamkia, akaniitikia, akavaa miwani, akasoma kimya mpaka mwisho. Kisha akalifunga daftari.

"Umeandika vizuri, baba," akasema. "Ila huyu si nesi. Huyu ni mtu uliyemsikia kwenye daladala."

Nikabisha. Nikamwambia, mbona Shangazi kila mtu anajua manesi walivyo?

"Kila mtu nani?"

Ndugu msomaji, nilikosa jibu. Nilirudi nyumbani nimenuna, lakini swali lile halikuniacha nilale. Huyu nesi wa bigijii nilimtoa wapi? Sijawahi kumwona. Na yule daktari wa dharau je? Naye sijakutana naye hivyo, kamili, kama nilivyomwandika. Nikaanza kuazima vitabu, vya historia na vile vya uuguzi alivyosomea binamu yangu, nikitafuta mahali walipozaliwa watu wangu wawili. Makala haya ndiyo niliyoyapata.

Nilianza na maneno, maana mtaji wa mwandishi ni maneno. Muuguzi ni anayeuguza, na anayeuguza ni yule anayekaa na mgonjwa: mama, dada, mke, hata kijana wa kiume anayelala mkekani pembeni ya kitanda cha baba yake. Mganga ni anayeganga. Katika maneno haya mawili hakuna aliye juu ya mwenzake. Mmoja anatibu, mwingine anakaa na mgonjwa mpaka apone au afe. Lakini hospitalini tuna maneno mengine: daktari, nesi, sista, metroni, wodi. Hayo yalikuja kwa meli. Lililonishangaza zaidi ni sista. Nilidhani ni heshima tu, kama vile tunavyomwita mtu dada. Kumbe ni cheo. Huko Ulaya wagonjwa waliuguzwa kwa karne nyingi na masista wa kanisa, watu walioapa kutii. Hata hospitali za Uingereza zisizokuwa za kanisa zikalishika jina hilo, zikamwita hivyo mwanamke anayesimamia wodi. Neno likaja kwetu na vyote vilivyokuwa ndani yake: kofia, mkanda, na kile kiapo cha kutii.

Nikafuata neno mpaka lilikotoka, na huko London nikakutana na mwandishi mwenzangu. Naye si mdogo: ni Charles Dickens. Riwaya yake Martin Chuzzlewit ilitoka kwa mafungu kati ya mwaka 1843 na 1844, na ndani yake yumo nesi aitwaye Sairey Gamp. Mama huyu ni mnene, mlevi, hatengani na mwavuli wake, na chupa anaipenda kuliko mgonjwa. Waingereza walimcheka mpaka mwavuli wenyewe ukaanza kuitwa "gamp". Je, Dickens alisema uongo? Sivyo. Wanawake walioajiriwa kuuguza wakati ule walikuwa maskini, malipo yao yalikuwa duni na mafunzo hawakupewa. Walevi walikuwepo. Lakini riwaya ilichukua unyonge wa kazi ikaufanya kuwa tabia ya watu. Msomaji alipofunga kitabu hakuuliza kwa nini mtu anayekesha na wagonjwa analipwa vile. Alisema tu, ah, manesi bwana! Hapo nikajiona mwenyewe, na sikujipenda.

Miaka kumi baada ya kitabu kile, Uingereza ilikuwa vitani huko Crimea. Mwanzoni mwa Novemba 1854 Florence Nightingale, binti wa familia tajiri, alifika hospitali ya jeshi ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul, akiwa na wanawake 38. Hadithi ya taa yake tumeisikia wote. Ambayo mimi sikuwahi kuisikia ni hii: madaktari wa jeshi hawakuwataka. Waliona ni fujo zimeletwa, wanawake katikati ya askari, tena wenye barua za wakubwa serikalini. Nightingale angeweza kupigana nao. Hakupigana. Aliwaamuru wenzake wasimguse mgonjwa hata mmoja mpaka daktari awaombe. Wakakaa, wakashona na kupanga mashuka, huku wanaume wanakufa vyumba vya jirani. Ndipo majeruhi wa vita vya Inkerman walipomiminika, madaktari wakazidiwa, wakaomba wenyewe.

Nimeufikiria sana uamuzi ule. Ulikuwa wa akili, maana ulifungua mlango. Ila mlango wenyewe ulikuwa mfupi, na kila aliyefuata alilazimika kuinama ili apite. Mwaka 1860 shule ya wauguzi yenye jina la Nightingale ilianza katika hospitali ya St Thomas', London, na wahitimu wake wakaenda kusimamia hospitali na kufundisha wengine katika nchi nyingi. Walifundishwa usafi, uangalifu, uaminifu. Walifundishwa pia kumtii daktari. Na mwenyewe Nightingale je? Huyo alikuwa bingwa wa hesabu, mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wanatakwimu cha London, aliyeandika ripoti na barua zilizowasukuma mawaziri watengeneze hospitali za jeshi. Mbele ya watu alitii. Chumbani kwake aliongoza.

Kulikuwa na njia nyingine. Mary Seacole, mama wa Jamaica, mweusi kwa upande wa mamaye, aliomba kwenda Crimea kuuguza, akakataliwa. Akaenda kwa fedha zake. Mwaka 1855 akafungua nyumba yake karibu na Balaclava, akauza chakula na kutibu askari kwa dawa alizozijua, bila kusubiri daktari amwombe. Mwaka 1857 akaandika kitabu cha maisha yake. Halafu dunia ikamsahau kwa muda mrefu mno. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2016, tena katika uwanja wa hospitali ile ile ya St Thomas'.

Sasa turudi kwetu, maana ngazi ile ilipandishwa melini na kuletwa pwani hii, na ilipofika ikaongezwa vidato vya rangi. Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wajerumani ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikwenda hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo aliyetoa fedha zake ijengwe. Wakati wa Mwingereza utaratibu haukubadilika. Juu alikaa daktari Mzungu, akafuata sista Mzungu, chini yao tabibu wa Kihindi, na chini kabisa dresa Mwafrika, msafisha vidonda na mfunga bandeji.

Na dresa huyo, msomaji, mara nyingi alikuwa mwanamume. Hebu tulia hapo kidogo. Sisi tunaosema uuguzi ni kazi ya kike kwa asili, tumesahau kuwa katika Tanganyika wengi wa Waafrika waliotangulia kuifanya kazi hiyo katika hospitali za serikali walikuwa akina baba. Walivaa kaptula, wakasafisha vidonda, wakamwitikia sista wa Kizungu "yes, Sister". Utii ule ulikuwa wa aliye chini, awe mke awe mume.

Daktari wetu naye hakuanzia kileleni. Tangu miaka ya 1920 vijana wa Afrika Mashariki walisomea udaktari Makerere na katika hospitali ya Mulago, Uganda. Walipohitimu, serikali za kikoloni hazikuwahesabu madaktari kamili. Waliitwa wasaidizi. Walikesha, walipasua, walizalisha, lakini mshahara na nyumba zao vilikuwa chini ya vya Mzungu, na shahada yao haikutambuliwa Uingereza mpaka miaka ya 1950. Kwa hiyo daktari Mwafrika wa kwanza alijua barabara maana ya kuwa na maarifa kichwani na kuambiwa ungoje amri.

Mwaka 1961 uhuru ukaja. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walituachia madaktari 12 tu. Kumi na wawili, nchi nzima! Si ajabu basi kwamba kila aliyehitimu alipokewa kama mfalme, akapewa nyumba iliyoachwa na Mzungu, kiti cha Mzungu na koti jeupe la Mzungu. Hospitali ya Princess Margaret, iliyofunguliwa mwaka 1956, ikawa Muhimbili, na jina la Sewahaji likabaki kwenye jengo moja la wodi. Majina yalibadilika na waliokaa juu wakabadilika. Ngazi yenyewe hatukuivunja.

Lakini yupo aliyeiruka. Lucy Lameck, mzaliwa wa Moshi mwaka 1934, alisomea uuguzi akiwa binti, kisha hakutaka kuutumikia utawala wa kikoloni. Akaingia TANU, akaingia Bunge mwaka 1960, akawa mwanamke wa kwanza nchini kushika nafasi ya uwaziri, Waziri Mdogo kama ilivyoitwa, na kwa muda wizara yake ilikuwa ya afya. Yaani kulikuwa na wakati madaktari wote wa serikali walikuwa chini ya wizara ambamo mmoja wa wakubwa wake alisomea unesi. Sikufundishwa hilo shuleni. Kama ningefundishwa, pengine nesi wangu asingetafuna bigijii.

Niliporudi kwa Shangazi na habari zote hizi alizisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtoto anayesimulia sinema. Kisha naye akanisimulia yake.

Ilikuwa mwaka 1989, zamu ya usiku, wodi ya watoto, hospitali sitaitaja. Kaletwa mtoto wa miaka miwili ana degedege. Daktari wa zamu, kijana ambaye ndiyo kwanza ametoka chuo, akaandika dawa kwenye faili na kukimbilia wodi nyingine. Shangazi akasoma. Nukta haikuwepo. Palipotakiwa kuwa mbili nukta tano palikuwa ishirini na tano. Akaichukua faili akamfuata kule kule.

"Daktari, samahani sana," akamwambia. "Macho yangu haya yameanza kuchoka. Hebu nisomee hapa, ni mbili nukta tano au ni nini?"

Kijana akatazama. Akachukua kalamu, akatia nukta. "Ni mbili nukta tano. Huoni?"

"Asante, daktari."

Nikamuuliza Shangazi, asante ya nini tena? Akasema, "Ya kutia nukta." Kisha akavua miwani yake akaifuta. "Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na minne, baba. Macho yangu yalikuwa mazima."

Mchezo huo una jina vitabuni. Mwaka 1967 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Leonard Stein, aliandika makala akauita mchezo wa daktari na nesi. Kanuni zake ni hizi: nesi atoe ushauri bila kuonekana ametoa, daktari aupokee bila kuonekana ameomba, na wasipingane waziwazi hata iweje. Stein alikuwa akieleza hospitali za kwao, lakini ungedhani alikuwa amejificha nyuma ya pazia la wodi ile ya Shangazi.

Na mchezo ukishindwa? Mwaka mmoja kabla, 1966, Charles Hofling na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililonitia baridi. Mtu alipiga simu hospitalini usiku akijiita daktari, jina ambalo nesi halijui, akamwamuru ampe mgonjwa miligramu 20 za dawa fulani. Kwenye lebo ya dawa imeandikwa wazi: kwa siku isizidi 10. Isitoshe, hospitali ilikataza amri za dawa kwa simu. Manesi 22 walijaribiwa. Waliokuwa tayari kuitoa walikuwa 21. Wakazuiwa wakiwa njiani. Bahati dawa yenyewe ilikuwa sukari tu. Kumbe wengine walipoulizwa kwa maneno wangefanyaje, karibu wote walisema wangekataa.

Sasa hapa ndipo wenye midomo watasema, si unaona, manesi hawafikiri! Ngoja kwanza. Mwaka 1977 jaribio kama hilo lilirudiwa, safari hii kwa dawa ambayo manesi waliijua vizuri, na wakiwa huru kuulizana wao kwa wao. Wengi walikataa. Ni wanadamu wale wale wa kazi ile ile. Kilichobadilika ni kwamba walijua, na hawakuwa peke yao. Mwaka 1990 Stein mwenyewe aliandika tena pamoja na wenzake, akasema manesi wameamua kuuacha ule mchezo. Wanataka kusema wazi na kusikilizwa.

Nisije nikahama upande mmoja nikauvamia mwingine. Daktari yule aliyesahau nukta nilimchukia mpaka Shangazi akanikemea. Alikuwa macho tangu asubuhi ya siku iliyopita, akasema, na wodi tatu mikononi. Chuoni alifundishwa kila kitu isipokuwa kusema "sijui". Angelisema, mgonjwa angemwogopa, wakubwa wangemcheka. Watu tunataka daktari awe mungu mdogo, kisha tunalalamika kwamba anatembea kama mungu mdogo.

Na manesi wakali je, ni uzushi wa daladala? Nilimuuliza hilo kwa woga. Shangazi akanyamaza kitambo.

"Wapo," akasema. "Na mimi nilikuwa mmoja wao siku moja. Asubuhi daktari mkubwa alinifokea mbele ya wodi nzima, kwa kosa ambalo si langu. Mchana mama mmoja wa uchungu akanishika gauni, nikampiga kofi la paja. Mpaka leo uso wake naujua."

Hapo ndipo nilipoona ngazi inavyofanya kazi. Matusi hushuka: kutoka kwa daktari mkubwa kwenda kwa mdogo, kwa sista, kwa nesi, kwa mhudumu anayepiga deki, mpaka kwa mama aliyelala bila shuka. Maarifa nayo yalitakiwa yapande, maana nesi na mhudumu ndio wanaomwona mgonjwa saa zote. Lakini yakipanda yanagonga dari. Lazima yajifanye macho mabovu ndipo yapite. Na siku yasipopita, anayelipa ni mtoto wa miaka miwili.

Wakati mwingine taifa zima hulipa. Jirani zetu wa Kenya walishuhudia madaktari wa hospitali za umma wakigoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Madaktari wakarudi. Juni wakagoma manesi, mpaka Novemba, karibu miezi mitano. Madai yao kwa serikali yalikuwa ya haki kwa jinsi kila upande ulivyoyaona, wala sina ubavu wa kuwahukumu. Ninachouliza ni kimoja: watu wanaokesha chumba kimoja juu ya mgonjwa mmoja, imekuwaje kila mmoja akadai kivyake? Mgonjwa alikuwa na muuguzi bila daktari, kisha akawa na daktari bila muuguzi. Kuganga na kuuguza vimetenganishwa kiasi hicho.

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa hili naomba wanisamehe. Yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na huwezi kuiganga kama hujui ilikoanzia. Imo katika kofia, imo katika neno sista, imo katika sauti ya mtu mwenye macho mazima anayeomba asomewe.

Nasi tunaoandika tuna sehemu yetu. Mwenzangu uliye na daftari la kaunta kama mimi, unajua jinsi ilivyo rahisi: nesi mkali, daktari jeuri, askari mla rushwa, mwalimu mlevi. Wanakuja wenyewe kwenye kalamu kwa sababu tumewakuta tayari wamechorwa. Sisemi tuwafanye malaika. Kofi la Shangazi nalo ni kweli. Nasema tuulize nani alimfokea asubuhi.

Sura ya tatu nimeifuta yote. Nimeandika usiku, wodi ya watoto, faili lisilo na nukta. Juzi nilimpelekea Shangazi. Akasoma, akachukua kalamu yangu bila kuomba, akakata sentensi moja. Nilikuwa nimeandika kwamba nesi alikaa kitini akiwaza.

"Watoto arobaini, nesi mmoja," akasema. "Kiti alikipata wapi?"

Nikamjibu, asante Shangazi. Safari hii nilijua ni ya nini.